Wimbo wa Dodoma, Bahari ya Nini?

Vijana wa Dodoma mna vituko nyie! Kaa jioni pale Nyerere Square, karibu na sanamu ya Mwalimu, hukosi kumwona chipukizi na daftari lake, anahesabu vina kwa vidole. Mwombe akusomee. Utasikia bahari, upepo wa pwani, mrembo kasimama kivukoni. Bahari iko wapi hapa, mshikaji? Dar ni kilomita zaidi ya 400.

Sikatai, pwani ina nyimbo zake tamu. Lakini huyu bwana mdogo kazungukwa na vitu ambavyo msanii wa Kinondoni hana: vumbi la Septemba, mibuyu, mizabibu, ugali wa uwele na mlenda, mvua ya kusubiriwa mpaka macho yanauma. Hata jina la mji ni wimbo tosha. Wazee husimulia habari za tembo aliyekuja kunywa maji akanasa kwenye tope, watu wakasema "idodomya", yaani amezama. Sasa mtu aliyezama penzini namna hiyo utamwimbaje? Kazi kwako.

Kama hujui pa kuanzia, panda gari la njia ya Morogoro, kilomita 30 na ushei, ushuke Chamwino. Huko tangu 2009 kuna tamasha la muziki wa Wagogo. Usiende kupiga picha tu. Kiongozi anatupa mstari mmoja mfupi, kundi linaudaka, sauti zinapandana mpaka mwili unasisimka, na akina mama wamebana ngoma za muheme mapajani. Mstari ni mfupi kwa sababu kundi lazima liudake papo hapo. Basi na wewe anza na kiitikio. Kikimkaa mwenzio kichwani bila karatasi, ndipo utunge beti. Wengi wanaandika beti tatu ndefuu, halafu kiitikio wanakibandika kama kiraka cha suruali.

Na mkazo je? Tamka "barabara", ile ya magari: sauti inakanyaga "ba" ya pili. Hamishia kwenye "ra" ya kwanza, tayari umesema "sawasawa". Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mpiga kinanda, gonga meza, usome mstari kama unavyoongea. Vina vya "nakupenda" na "nitakwenda" visikutie kiburi. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na "a", hata mtoto wa chekechea anavipata.

Mtasema mambo ya Kigogo hayauzi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alifika nayo Ulaya, na zeze lake na ilimba. Mwaka 1996 kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, Uingereza, ilitoa albamu yake iitwayo Chibite. Alifariki 2003. Wazungu wangapi walijua Kigogo?

Sisemi uimbe Kigogo. Wengine mmekuja na wazazi serikali ilipoanza kuhamia hapa 2016, lugha yenyewe mnaisikia sokoni tu. Sokoni kunatosha! Msimu wa zabibu nenda Majengo asubuhi, simama karibu na mama anayeita wateja. Maneno matatu, manne, yale yale, sauti ile ile, na watu wanageuka. Ila nunua japo kilo moja, bwana. Kusimama bure mbele ya biashara ya mtu si adabu.