Picha Husimama Mbele ya Nani?



Sisi watu wa Goma tumezoea kupigwa picha. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena Mei 2021, picha za mji wetu zilienea ulimwenguni. Zikafuata picha za ndugu zetu waliokimbia vita: mama aliyebeba mtoto na godoro, mzee aliyeketi mlangoni pa hema. Hutundikwa katika kumbi za miji ya mbali, na mara nyingi mama yule na mzee yule hawazioni kamwe.

Kwa sababu hiyo, tukizungumzia maonyesho ya sanaa juu ya haki na mazingira, tusianze na uzuri wa kazi. Tujiulize kwanza: itasimama mbele ya nani, na ni nini kitakachomrudia yule inayemhusu? Hapo ndipo ulipo wajibu wa mratibu wa maonyesho. Yeye hachori wala hachongi. Huchagua kazi, hupanga ipi ikae kando ya ipi, na huamua mlango ufunguliwe wapi.

Tutazame Lusanga, mkoani Kwilu, iliyoitwa Leverville enzi za ukoloni, kwa jina la William Lever, tajiri Mwingereza wa mashamba ya michikichi. Mwaka 1931 Wapende waliasi dhidi ya kodi na kazi za lazima, na ofisa Mbelgiji, Maximilien Balot, akauawa. Ikachongwa sanamu yake ya mbao ili roho yake izuiwe isiwadhuru watu. Baadaye sanamu hiyo iliuzwa, na leo ni mali ya jumba la makumbusho la Virginia, Marekani.

Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba hayo waliunda chama cha sanaa kiitwacho CATPC. Kinaongozwa na René Ngongo, mwanabiolojia mzaliwa wa Goma, mtetezi wa misitu aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2009. Wanachama hufinyanga sanamu kwa udongo. Nakala zake hutengenezwa kwa chokoleti na kuonyeshwa ng'ambo. Kwa mapato hayo wamenunua ardhi, zaidi ya hekta 200, na kupanda mazao mchanganyiko palipokuwa na michikichi mitupu. Mwaka 2024, kazi zao zilipoonyeshwa Venice katika banda la Uholanzi, maonyesho yalifunguliwa pia Lusanga, na sanamu ya Balot ikaletwa huko kutoka Virginia. Ilikuwa kwa mkopo wa miezi michache tu. Hata hivyo, wajukuu wa walioasi waliweza kusimama mbele yake katika ardhi yao wenyewe.

Pengine mtasema kwamba Lusanga ni mbali, nasi hatuna chokoleti wala jumba. Lakini hapa kwetu kituo cha utamaduni cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengeneza filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimewafundisha vijana wengi kushika kamera wenyewe. Ukuta wa ukumbi wa parokia, kamba na vibanio vyatosha kuanzia.

Tuchukue mfano wa makaa yanayotoka katika msitu wa Virunga. Tukitundika picha ya mti uliokatwa peke yake, tumemshtaki mchoma makaa, naye ni maskini. Tukiweka kando yake picha ya mama auzaye makaa sokoni, kisha ya sufuria ya maharage jikoni mwetu, mashtaka yanageuka kuwa swali, na swali hilo linatuhusu sote. Picha ni zilezile. Mpangilio ndio uliobadili ukweli tunaousikia.

Basi, kikundi kitakachojaribu na kishike mambo manne. Tumwombe ruhusa kila tunayempiga picha, na akikataa tukubali. Tumwalike aione kabla ya wageni wengine, aseme lipi liandikwe chini yake. Na maonyesho yakiisha, tumpe picha hiyo iwe yake. Na kama pamepatikana chochote, tukubaliane naye mapema sehemu itakayomrudia. Tusipoweza kuyatimiza hayo, afadhali ukuta ubaki mtupu.