Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mahali Wanapokula Watu wa Venice

Mji wa Venice, ambao Waitalia wenyewe huuita Venezia, umejengwa juu ya visiwa zaidi ya 100 vilivyounganishwa kwa madaraja yapatayo 400. Ukiisha kutoka katika kituo cha treni ukashika njia ya mjini, hutaona motokaa wala baiskeli. Njia zake kuu ni mifereji ya maji ya chumvi, na humo hupita mashua za abiria, za mboga, za wagonjwa na hata za maiti. Mengi yamekwisha andikwa juu ya makanisa na majumba yake. Mimi nataka kueleza habari ya chakula, maana hilo ndilo jambo lililonifunza zaidi kuliko majumba yote.

Nilikuwa katika mafunzo ya kazi mjini Turin, nikapata ruhusa ya siku tatu, nikaenda kuutazama mji huo. Nilifika Ijumaa mchana nikiwa na njaa kali. Nikaingia katika hoteli moja karibu na uwanja wa San Marco, ambako kijana mmoja alikuwa amesimama mlangoni akiita wapita njia kwa adabu nyingi, na orodha ya vyakula ilikuwa na picha. Nikaagiza samaki aliyeandikiwa yuro 9. Hesabu ilipoletwa, samaki peke yake alikuwa yuro 54! Kumbe ile 9 ilikuwa bei ya kila gramu 100, ambazo wao huziita etto, na samaki wangu alikuwa na uzito wa gramu 600. Juu yake ziliongezwa yuro 4 za kuketi mezani, ziitwazo coperto. Jumla ilipita shilingi 8,000 za kwetu. Siwezi kusema kwamba niliibiwa, kwa kuwa yote yalikuwa yameandikwa, ijapokuwa kwa herufi ndogo. Huku kwetu mtu hakatiwi nyama ya kuchoma kabla hajauliza bei ya kilo, lakini mimi niliiacha akili hiyo nyumbani.

Jioni nilimsimulia mama mwenye nyumba niliyopanga. Alicheka kwanza, kisha akasema, “Bwana, umekula mahali ambapo sisi hatuli. Kesho nenda sokoni kwanza ukaone kilichopo, halafu ule ukiwa umesimama.” Maneno hayo niliyafuata, na sasa nawapa wasomaji faida yake.

Soko hilo ni la Rialto, nalo limekuwapo mahali hapo tangu karne ya 11. Asubuhi nilivuka Mfereji Mkuu kutoka Santa Sofia kwa traghetto, yaani mashua ya kuvushia watu. Mgeni hulipa yuro 2, na wenyeji wengi husimama ndani yake mpaka ng'ambo bila kuyumba. Jengo la samaki lilimalizika mwaka 1907, na samaki huuzwa humo asubuhi kuanzia Jumanne hadi Jumamosi. Kwa hiyo mtu akiambiwa siku ya Jumatatu kwamba samaki ametoka sokoni asubuhi ile, yampasa aulize soko gani. Ukutani pana jiwe lililochorwa zamani urefu wa chini unaoruhusiwa kwa kila aina ya samaki, ili wavuvi wasimalize watoto wa samaki. Nilipendezwa sana na sheria ile ya jiwe, ambayo mnunuzi na muuzaji wote wawili waliweza kuisoma.

Katika vibao vya bei, tafuta neno nostrano, maana yake “cha kwetu.” Wenyeji hula kwa majira. Katika majira ya kuchipua na ya vuli hupatikana kaa wadogo waliojivua gamba, ambao hukaangwa na kuliwa wazima wazima. Mwezi wa Aprili huja castraure kutoka kisiwa cha Sant'Erasmo, ambacho ni shamba la mboga la mji. Hayo ni machipukizi ya kwanza ya mmea wa miiba, na mkulima huyakata mapema ili mengine yapate nguvu. Siku ya Mtakatifu Marko, tarehe 25 Aprili, desturi ni kula risi e bisi, yaani wali wa njegere mbichi.

Sasa nitaeleza habari ya kula umesimama. Nyuma ya soko, katika vichochoro vyembamba, pana vilabu vidogo viitwavyo bacari. Kimojawapo ni Do Mori, ambacho husemekana kilianza mwaka 1462, na masufuria ya shaba yamening'inia darini. Hakuna viti. Juu ya kaunta hupangwa vipande vidogo vya chakula viitwavyo cicchetti, kila kimoja kwa yuro 2 hivi. Mwenyeji huingia, husalimu, huonyesha anachotaka, hula vipande viwili vitatu, huzungumza habari za jirani, kisha huondoka. Divai hutolewa katika gilasi ndogo iitwayo ombra, yaani “kivuli,” kwa sababu, kama wazee wasimuliavyo, wauza divai wa zamani walihamisha meza zao kukifuata kivuli cha mnara wa San Marco. Mimi niliagiza maji, na hakuna aliyenitazama vibaya.

Vipande viwili usiviache. Cha kwanza ni sarde in saor, dagaa wakubwa waliokaangwa na kulazwa katika vitunguu, siki, zabibu kavu na mbegu za msonobari. Mabaharia walivumbua njia hiyo ili samaki wasiharibike safarini. Cha pili ni baccalà mantecato, ng'onda wa Norway aliyelowekwa, akachemshwa, akapigwa kwa mafuta mpaka awe laini kama siagi. Husimuliwa kwamba mfanya biashara wa Venice, Pietro Querini, alitupwa na dhoruba katika visiwa vya Lofoten mwaka 1432, akawaona watu wakikausha samaki kwa upepo, akarudi kwao na habari hizo. Na huyo ng'onda huwekwa juu ya nini? Juu ya polenta, nayo ni ugali! Hasa ni ugali mweupe, uliokatwa vipande na kuchomwa kidogo. Nilipoutia kinywani nilijiona nimefika kwa jamaa.

Kule San Trovaso pana Cantine del Vino già Schiavi, inayotazamana na karakana ya kutengenezea gondola. Watu hula nje, ukingoni mwa maji. Upande wa kaskazini, kando ya mfereji wa Misericordia, vilabu vya namna hii vimefuatana, na vijana wa mji hukusanyika huko jioni. Ukitaka kuketi, tafuta nyumba yenye orodha fupi isiyo na picha, uagize bigoli in salsa, ambayo ni tambi nene kwa vitunguu na vidagaa vya chumvi, au maini kwa vitunguu. Uliza kwanza coperto ni kiasi gani, na bei ya samaki ni ya nini. Kahawa nayo inywe kwenye kaunta, kwa kuwa ukiketi bei hupanda. Siku ile ya Jumamosi nilikula nikashiba kwa yuro 12.

Lakini, ndugu wasomaji, jambo hili lina uzito kuliko mfuko wangu. Mwaka 1951 wakazi wa mji huo wa visiwani walikuwa kiasi cha 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Wageni huja kwa mamilioni kila mwaka, na tangu 2024 wanaokuja kwa kutwa hulipishwa ada siku fulani. Nyumba nyingi zimekuwa za kupangisha wasafiri, na penye duka la mkate leo huuzwa vinyago vya kuvaa usoni. Meza za samaki pale Rialto zimepungua, maana wageni hupiga picha samaki lakini hawanunui, na mama wa nyumbani aliyekuwa akinunua amehamia bara.

Wazee wetu walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Huko nimeona kwamba mgeni aweza kuja, na mwenyeji asipone. Nilipoketi uwanjani, yuro zangu hazikumfikia mvuvi wa ngisi wala mkulima wa Sant'Erasmo kwa njia niliyoweza kuiona. Niliposimama kaunta, niliona mwenye klabu akitoka sokoni na kikapu mkononi. Basi, wewe utakayejaliwa kufika huko, au hata Lamu na Mombasa kwetu, uliza kwanza wenyeji wanakula wapi, kisha uwafuate. Utashiba kwa bei nafuu, na mwenyeji naye atapona.