Wino Uliokolea

Ramani nayo ni matini: ina sitiari zake na ina ukimya wake. Hili hunidhihirikia kila ninapoitazama nakala ya ramani ya jimbo la Virginia, Marekani, iliyochapishwa Juni 1861, miezi miwili baada ya jimbo hilo kuamua kujitenga na Muungano. Mchoraji wake, Edwin Hergesheimer, alitumia sensa ya 1860, akaitia kila kaunti kivuli: kadiri watumwa walivyozidi miongoni mwa wakazi, ndivyo wino ulivyokolea.

Hebu msomaji atupe jicho. Mashariki, penye mashamba ya tumbaku, karatasi imekolea wino. Magharibi, milimani, inakaribia kuwa nyeupe pe. Sehemu kubwa ya weupe huo ndiyo iliyokuja kuwa jimbo la West Virginia mwaka 1863. Wino uliuonyesha mpasuko kabla ya mpaka kuchorwa.

Hata hivyo, linalonikera ni lile lisilochorwa. Watumwa 490,865 wamegeuzwa vivuli. Katika madaftari ya sensa waliorodheshwa kwa umri na jinsia chini ya majina ya mabwana wao. Majina yao wenyewe, ila kwa nadra, hayakuandikwa. Ramani iliuzwa kwa manufaa ya askari wagonjwa na majeruhi wa jeshi la Muungano. Ilikuwa nia njema; lakini hata mwenye nia njema aweza kuwahesabu watu asiwaite kwa majina.

Sisi wahakiki tumezoea kuisifu taswira kwa kile inachokionyesha. Aidha, yatupasa kuihoji: imemficha nani?