Mwani na Kamba katika Tangi la Darasa: Tuliyoyaona Karatu

Wanachuo wanaopelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za bara hutuuliza mara kwa mara: je, mtoto asiyepata kuiona bahari atafundishwaje habari za viumbe wa maji ya chumvi? Aghalabu jibu lao wenyewe huwa mchoro ubaoni. Sisi hatuudharau mchoro, maana mwalimu asiyeweza kuchora ana upungufu mkubwa. Lakini katika shule chache za Karatu tumejaribu kuweka tangi la kioo lenye mwani na kamba wadogo wa mikokoni, na hapa twaeleza hasa habari za mwani, kwa kuwa mwani ukiharibika kamba nao hawakawii kufa.

Viumbe hao tulivichukua, kwa idhini ya wenyeji, katika hori moja karibu na Tanga, mahali ambapo maji ya mto hukutana na ya bahari. Mwani ulikuwa wa namna mbili: mmoja mpana na mwembamba, wa kijani, mfano wa jani la saladi, ambao wataalamu huuita Ulva, na mwingine mwekundu uliofifia, wenye matawi kama nyuzi nene, uitwao Gracilaria. Mwani tuliufunga katika magazeti yaliyoloweshwa maji ya bahari. Kamba tuliwatia katika chupa zilizojazwa nusu tu, ili hewa ibaki. Tukachukua na madumu mawili ya maji ya bahari, ya lita 20 kila moja, tukasafiri kwa basi hadi Arusha, kisha Makuyuni na Mto wa Mbu, mpaka tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Makondakta walituuliza mengi.

Tangi letu ni la lita 20. Tulichanganya lita 10 za maji ya bahari na lita 10 za maji ya mvua. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi katika kila lita. Basi tangini mlikuwa na gramu 350, yaani gramu 17.5 kwa lita. Hayo ndiyo maji ya chumvichumvi, si ya bahari wala si ya mtoni, nayo yanawafaa viumbe waliozoea hori.

Yapo mambo ambayo mwalimu atayashika upesi. Tangi liwekwe mahali penye mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua la mchana, maana maji yakipata joto huishiwa na oksijeni, na vimwani vidogo mno huenea kiooni na juu ya mwani mkubwa hata vikauzuia mwanga. Kamba wasilishwe sana. Punje chache za unga wa dagaa zatosha, na ugali usitiwe kabisa. Kinyesi cha kamba hutoa amonia, nayo huwa mbolea ya mwani. Mchana mwani huwapa kamba oksijeni, lakini usiku wote wawili huitumia, hivyo saa ya kuwatazama kamba ni alfajiri, kabla ya gwaride. Pasipo umeme, mtoto mmoja achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kadhaa. Sarafu na vipande vya waya wa shaba visiingie tangini, kwani shaba ni sumu kali kwa jamii ya kamba.

Jambo linalohitaji maelezo marefu zaidi ni chumvi.

Mwanachuo mmoja aliyekuwa akifundisha darasa la sita alitujia jioni moja wakati wa kipupwe, siku moja kabla ya kukaguliwa. Baada ya kutuamkia alituomba fungu la mwani mbichi kutoka tangi la chuo. Mwani wake ulikuwa umeanza kuwa mweupe kwenye ncha na kulainika, naye hakutaka mkaguzi aukute vile. Tulimnyima. Tulimwambia auache ulivyo, na somo la kesho liwe juu ya weupe huo. Akasema, "Mkufunzi, alama zitakazopungua ni zangu, si za mwani." Neno hilo lilikuwa kweli, nasi hatukuwa na la kumjibu ila kwamba wanafunzi wake walikwisha kuuona weupe ule, na kesho wangeujua mwani uliobadilishwa usiku.

Kwa bahati njema, darasa lake lilikuwa na daftari. Kila Jumatatu watoto waliandika kimo cha maji kwa kufuata mstari uliochorwa kwenye kioo. Katika kipupwe cha Karatu hewa ni kavu na upepo ni mwingi, na tangi lisilofunikwa lilipoteza lita 4 hivi katika kila wiki mbili. Daftari lilionyesha kwamba maji yamerudishwa mstarini mara tano. Mwalimu akauliza yalirudishwa kwa maji gani. Kiongozi wa darasa akajibu kwa fahari kwamba walitumia maji ya dumu, ya bahari, kwa sababu vitu vya bahari hutaka maji ya bahari.

Basi hesabu ikafanywa ubaoni. Maji hugeuka mvuke na kwenda zake, bali chumvi hubaki. Kila lita 4 za maji ya bahari zilileta gramu 140. Mara tano ni gramu 700. Ukijumlisha na zile 350 za mwanzo ni gramu 1,050. Gawanya kwa lita 20, unapata gramu 52.5. Mstari ulikuwa palepale siku zote, na maji yalikuwa yamepita bahari yenyewe mara moja na nusu! Kamba wanne kati ya tisa walikuwa wamekwisha kufa.

Ndipo msichana mmoja, ambaye kwao hulima vitunguu Mang'ola, aliposema, "Mwalimu, hata kwetu mfereji ukikauka huacha weupe juu ya udongo." Hatujui andalio la somo ambalo lingeweza kupanga neno kama hilo. Kutoka hapo somo lilikwenda lenyewe mpaka Ziwa Eyasi, Ziwa Manyara na Ziwa Magadi lililomo ndani ya kreta ya Ngorongoro. Maziwa hayo hayana mto utokao. Mto Munge hushuka kutoka Olmoti na kuingia katika kreta, ukileta maji yenye chumvi kidogo sana iliyoyeyuka kutoka katika miamba. Jua huchukua maji, na chumvi hubaki, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu aangalie hapa asije akasema kwamba chumvi ile ni sawa na ya bahari. Ile ya maziwa haya kwa sehemu kubwa ni magadi, na kamba wa mikokoni hawataishi katika maji ya magadi. Hata hivyo kuna vimwani visivyoonekana kwa jicho vinavyostawi humo, navyo ndivyo chakula cha heroe wadogo ambao watoto wengi wa Karatu wamewaona.

Kuokoa tangi kulichukua wiki moja. Kila siku walitoa lita 2 na kutia lita 2 za maji ya mvua; baada ya siku saba chumvi ilishuka hadi gramu 25 hivi. Haifai kuishusha kwa siku moja, kwani kamba hawavumilii badiliko la ghafla. Tangu hapo upungufu wa mvuke ulijazwa kwa maji ya mvua peke yake.

Mvulana mmoja hakukubali kwamba chumvi ndiyo iliyoleta weupe. Alisema ni baridi ya Julai. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Katika mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, Unguja, ambako kilimo hicho cha biashara kilianza mwaka 1989, mwani hugeuka mweupe na kukatika kwa sababu mbalimbali, joto la maji likiwa mojawapo. Tena Ulva huwa na kingo nyeupe ikisha kutoa mbegu zake, pasipo ugonjwa wowote. Basi mwalimu akaweka chupa mbili za kinywa kipana dirishani, baridi ileile, moja ikiwa na gramu 17.5 za chumvi kwa lita na nyingine gramu 52.5, kila moja na kipande cha Gracilaria. Siku ya kumi kipande cha chupa ya pili kilikuwa cheupe hadi katikati. Kile cha kwanza kilikuwa kimepauka kidogo kwenye ncha moja, na mvulana yule aliliandika hilo daftarini kwa herufi kubwa.

Muhula ulipokwisha, kamba watano waliobaki walirudi katika tangi la chuo. Maji yalimwagwa juu ya changarawe mbali na bustani, wala hayakupelekwa kijitoni, kwa maana viumbe wa Tanga hawana kazi katika chemchemi za Karatu. Mwani ulikaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, mweupe na wa kijani pamoja, na chini yake ikaandikwa ile hesabu.