Kifua Kikuu Hakikai Siniani



Sisi watu wa Pwani tunaoishi Nairobi tumezoea kuilaumu baridi. Ifikapo Julai, kila kikohozi twasema ni cha baridi, na dawa yake ni tangawizi na asali. Aghalabu huwa ni kweli. Lakini kikohozi kikizidi wiki mbili, kikaandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, hatuna budi kwenda kupimwa makohozi, kwani yamkini ni kifua kikuu.

Maradhi haya si laana wala hayatokani na uchawi. Tarehe 24 Machi 1882, tabibu wa Kijerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kuwa amekigundua kijidudu kinachoyasababisha. Kijidudu hicho husafiri hewani. Mwenye maradhi mapafuni akikohoa, au hata akizungumza, hutoa matone madogo yasiyoonekana, nayo huweza kuelea kwa saa kadhaa mahali pasipopitisha hewa. Basi tulitazame gari letu la jioni kutoka katikati ya jiji kwenda Kangemi: abiria wamebanana, foleni ya Waiyaki Way haisogei, na kila dirisha limefungwa kwa kuogopa baridi.

Ami yetu, muuza vitambaa, alipopatikana na maradhi haya, watu walimshauri atengewe sahani na kikombe. Akajitenga mwenyewe, akawa anakula peke yake chumbani, dirisha limefungwa. Posa ya binti yake nayo ikanyamaziwa ghafla. Muuguzi alipotutembelea alitueleza kuwa kifua kikuu hakiambukizi kwa sahani, kikombe wala kupeana mikono. Akatuagiza tufungue madirisha, jua na upepo viingie, na ami afunike kinywa anapokohoa. Adabu hiyo si ngeni kwetu, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akifunika uso wake anapopiga chafya.

Tulijifunza pia jinsi Mwenyezi Mungu alivyoupa mwili askari wake. Kijidudu kiingiapo mapafuni, chembe za ulinzi hukimeza. Zisipoweza kukiua, chembe nyingine huja kukizunguka mfano wa ukuta, kikafungwa humo kwa miaka mingi. Aliye katika hali hiyo haumwi wala haambukizi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa robo hivi ya watu wote duniani wameambukizwa, na kati ya kila 100 katika hao, ni 5 hadi 10 tu watakaougua maishani mwao. Ukuta huo hudhoofishwa na virusi vya ukimwi, kisukari, lishe duni na tumbaku. Basi nani kati yetu atamcheka mgonjwa, ilhali yamkini naye anacho kijidudu hicho kifuani?

Watoto wetu huchanjwa BCG wanapozaliwa, chanjo iliyoanza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921. Huwakinga hasa na aina kali za maradhi haya, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo; lakini kovu lile la mkononi si hirizi ya maisha kwa mtu mzima.

Dawa hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Hapo ndipo penye mtihani. Mwezi wa pili ami alikuwa amenenepa, kikohozi kimekwisha, naye akataka kuziacha arudi dukani kwa amani. Vijidudu vinavyosalia wakati huo ndivyo vigumu kufa. Dawa ikikatizwa hurudi, na huweza kuwa sugu. Nyanya yetu hakubishana naye. Kila baada ya sala ya Alfajiri alimpelekea maji na vidonge, akasimama mpaka vimemezwa. Mwezi wa sita makohozi yalipimwa, yakawa safi.

Ndugu zetu, aliye na kikohozi asifichwe, wala asitengwe sinia. Ampeleke mtu wake hospitali, amhesabie vidonge vyake, na kwenye gari afungue dirisha hata kama abiria watanung'unika. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.