Mwalimu wa Muziki Amerudi Shule, na Kuku Ametoka kwa Menyu

Kila wiki lazima nipate ujumbe wa aina moja: "Bro, wewe uliacha chuo na uko poa. Mimi pia niache?" Wengine wako mwaka wa kwanza, wengine hata Form Four hawajamaliza.

Wasee, tuelewane. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikatika kabla semesta haijaisha, nikaanza kutengeneza video, na leo hizo video ndizo zinalipa kodi ya nyumba. Sijuti, na sitajifanya najuta ndio posti ipendwe na wazazi. Lakini pia siuzi kuacha shule kama mtumba wa Gikomba. Kwa hivyo badala ya kujibu mmoja mmoja, leo nawaambia kuhusu jirani yangu.

Jirani yangu ana miaka 43. Tunaishi ploti moja huku Githurai, mlango wake na wangu vinatazamana. Ni mwalimu wa muziki katika shule moja ya kibinafsi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Watoto wa ploti wanamwita Ticha, sisi wengine tunamwita Mwalimu. Na huyu mtu, na mvi zake, ni mwanafunzi wa chuo kikuu.

Siku yake inaanza saa kumi na moja kasorobo asubuhi. Najua kwa sababu mimi huwa sijalala, bado nahariri video, na ukuta wetu ni mwembamba kama karatasi ya kufungia mandazi. Kwanza nasikia jiko la gesi. Chai ya rangi, tangawizi nyingi, maziwa hapana. Anasema maziwa asubuhi yanaweka makamasi kwa koo na yeye koo ndio jembe lake. Chai inashuka na kangumu mbili. Halafu anapasha sauti joto chini chini, mdomo umefungwa, asiamshe majirani. Saa kumi na mbili kasoro yuko kwa stage.

Shuleni ana madarasa kutoka asubuhi, kisha kwaya saa ya michezo. Watu wanadhani mwalimu wa muziki anacheza kinanda tu na kwenda nyumbani. Jaribu wewe kusimama mbele ya watoto arobaini wenye njaa uwafanye waimbe sauti nne bila mmoja kumvuta mwenzake. Chamcha anakula githeri ya shule pamoja na watoto, ila anatoka na avokado yake kwa begi, anaikata kwa kijiko. Jioni ni ugali na sukuma, siku nyingine omena. Jumamosi anapika mrenda, na lazima akuambie ule utelezi unapaka koo mafuta. Sijui kama ni kweli. Ni mtu wa Isukha, Kakamega, huwezi kushindana naye kuhusu mrenda.

Zamani Jumapili ilikuwa kuku. Ploti nzima ilijua. Tangu arudi shule, kuku ametoka kwa menyu. Anasema mwenyewe huku anacheka: "Bwana mdogo, Mluhya akiacha kuku ujue jambo ni zito." Karo inalipwa kidogo kidogo, na pesa ya kwanza kukatwa ilikuwa ya tumbo. Nyama ikafuata kuku. Sasa kuku anaonekana mwisho wa muhula, kama ripoti.

Sasa mtu atauliza, miaka kumi na tisa kazini, unarudi shule kutafuta nini?

Hapa ndipo stori inakuwa yetu sote. Mwalimu alimaliza shule ya upili na alama za kuingia chuo kikuu, pesa ndiyo haikuwepo. Akaenda chuo cha ualimu, akatoka na cheti cha P1. Kile cheti wakati huo kilikuwa kitu. Lakini tangu 2021 vyuo vya ualimu vimehamia diploma, P1 imebaki ya wale walioisomea zamani. Halafu mtaala mpya ukaja na njia tatu za sekondari ya juu, na moja ni ya sanaa na michezo. Darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026. Yaani kwa mara ya kwanza mtoto anaweza kuchagua sanaa kama njia kamili, siyo somo la kujaza ratiba. Muziki, ambao shule nyingi zilikuwa hazifundishi kabisa hadi Form Four, sasa unahitaji walimu.

Shule yake ilipoanza kujipanga kwa hiyo sekondari, Mwalimu aliomba nafasi. Akaambiwa kwa upole kwamba P1 haifundishi sekondari. Akaletwa kijana mwenye digrii. Wiki ya pili yule kijana akaja kumuuliza Mwalimu jinsi ya kufanya alto wasipande kwa soprano.

Mimi nilipoisikia hiyo nilikasirika kwa niaba yake. Nikamwambia, si unaona? Karatasi ni upuzi, wewe ndiye unajua kazi. Nilitarajia anipigie makofi.

Hakunipigia. Aliniambia kitu ambacho bado nakitafuna. Alisema yule kijana alikuwa na kitu ambacho yeye hana, na hakuwa anamaanisha karatasi.

Ngoja nieleze. Kwaya nyingi hapa kwetu zimelelewa na sol-fa, zile herufi za d, r, m, f, s. Mfumo huo ulianzia Uingereza karne ya 19, kwa mwalimu anaitwa Sarah Glover, John Curwen akaueneza, wamisionari wakauleta huku. Ni mzuri, ni rahisi kwa sauti, na mtu anaweza kufundisha wimbo mzima kwa ubao na chaki. Mwalimu ni mfalme wa sol-fa. Lakini nota za mistari mitano alikuwa anazisoma polepole, kama mtoto wa Gredi ya 2 anayefuata neno kwa kidole. Akipewa kazi ya piano au ya okestra, amekwama. Nyimbo zake mwenyewe zilikuwa zinasikika vizuri mahali fulani na mahali pengine zina shimo, na hakujua shimo linatoka wapi.

Kwa somo la ulinganifu wa sauti akaambiwa: usiache besi na soprano zitembee sambamba zikiwa zimeachana umbali wa do hadi so, zinasikika tupu. Alikuja nyumbani usiku huo, akafungua daftari lake la nyimbo za miaka kumi, akaanza kupiga duara kwa kalamu nyekundu. Shimo, shimo, shimo. Aligonga mlango wangu saa nne usiku kunionyesha. Sikuelewa hata kitu, lakini sijawahi kuona mtu mzima akifurahia kusahihishwa hivyo.

Na siyo ati kila kitu kinamshinda. Kuna mtihani wa masikio: mhadhiri anacheza, unaandika ulichosikia. Wanafunzi wenzake wa miaka ishirini, waliosoma piano tangu utotoni, wanatoa jasho. Yeye amekua akisikiliza isukuti, zile ngoma tatu, baba, mama na mtoto, kila moja na mapigo yake. Masikio yake yalifunguliwa kabla ajue kusoma. Huo mtihani anaongoza.

Anasoma kwa mpango wa likizo: Aprili, Agosti na Desemba, shule zikifungwa yeye anaingia darasani. Likizo hana. Na Agosti ndiyo huleta shida, kwa sababu fainali za kitaifa za Tamasha la Muziki huwa mwezi huo. Mwaka jana watoto wake walifuzu kutoka ngazi ya chini kabisa hadi taifa. Tarehe zikagongana na mitihani yake.

Hebu fikiria. Umewafundisha hao watoto tangu Januari. Unajua nani anaogopa nota ya juu na nani anaimba puani akiwa na wasiwasi. Na siku ya jukwaa unafaa kuwa kwa chumba cha mtihani.

Alichagua mtihani. Ukikosa, unangoja mwaka mzima na karo imeshaenda. Akamkabidhi mwenzake kwaya, na mimi akanilipia nauli niende nirekodi. Watoto wakashika nafasi ya tatu. Nilimtumia video mara moja. Akajibu baada ya saa nzima, na hakuuliza habari ya nafasi. Aliandika: "Nani aliwaambia wavute pumzi pale kati?" Nilicheka, lakini aliporudi nilimwona akiitazama ile video mlangoni pake, simu imeegemezwa kwa ndoo, mkono wa kulia unaongoza kwaya polepole. Aliitazama zaidi ya mara moja.

Kwa hivyo mkiniuliza gharama ya kurudi shule, si karo tu. Ni kuku, ni likizo, ni ile siku moja ya mwaka.

Mimi kazi yangu kwa hii safari ni ndogo. Kazi za chuo siku hizi zinapakiwa mtandaoni, na Mwalimu akiona "faili yako ni kubwa mno" anashika kichwa. Anagonga, mimi napunguza faili, napakia, analipa chapati mbili. Ndiyo, aliyeacha chuo ndiye anasaidia aliyerudi. Siku moja katikati ya hayo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Na wewe ukirudi, utaenda kuchukua nini?"

Angalia swali lenyewe. Watu wote huniuliza nitarudi lini, kama vile nimepotea sokoni. Yeye aliuliza kuchukua nini. Sikuwa na jibu, na ndiyo maana sijarudi. Kuna vitu viwili vitatu nimeanza kuviona kwa kazi yangu ambavyo YouTube hainifundishi, hasa mambo ya mikataba na hakimiliki. Nikiona ni kimoja cha kulipiwa kwa kuku, nitarudi. Nikiona hakuna, nitaendelea na kazi.

Wewe unayeniuliza kama uache, jiulize hivyo hivyo. Ulienda hapo kuchukua nini? Kama kipo na bado hujakichukua, usiondoke kwa sababu mimi nina ring light na wafuasi. Mimi sikuondoka kwa ujanja, niliondolewa na karo. Na kama umeshatoka, usikubali mtu akuambie mlango umefungwa kwa sababu una miaka 23. Kuna mtu wa miaka 43 anayeukalia ukingoni na kalamu nyekundu.

Kipindi chake kijacho kinaanza Aprili. Nimeshamwambia bei ya kupakia faili imepanda: chapati tatu, na madondo juu. Amesema atafikiria, ila niache kumfanya acheke, ana kwaya kesho na koo lake si la kuchezea.