Shahidi Aliyekaa Mtoni

Maji ya Mto Tana yanapofika Idsowe, kwenye delta yake, yamekwisha kutembea mbali. Yameshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, yakazuiwa na kuachiliwa katika mabwawa matano ya umeme, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakakata nyika ya Garissa na Hola, na kila mahali yameokota udongo. Hapa yanapita mazito, yamefanana na chai ya maziwa. Abiria wa basi la Lamu wakifika darajani huchungulia dirishani na kusema, "Mto mchafu huu." Mimi huuchunguza mto huu pamoja na wanafunzi, kwa wavu na karai, na kauli hiyo huniuma kila ninapoisikia.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Unaingia ukingoni na gambuti na glavu, mtu mzima mmoja amesimama juu amekaza macho majini kwa sababu ya mamba. Unapitisha wavu chini ya matete na kwenye mizizi iliyoning'inia, unakwangua tope kidogo, kisha unamwaga kila kitu kwenye karai jeupe lenye maji. Hapo huoni kitu. Majani yaliyooza, vijiti, tope. Mtoto anayefanya kwa mara ya kwanza husema karai ni tupu, na huo ndio wakati ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu najua kinachokuja. Tope likitua, kijiti kinaanza kutembea. Kilichodhaniwa jani kinageuka kunguni wa maji. Kereng'ende mchanga, ambaye bado hajaota mabawa, anajirusha mbele kwa kutema maji kwa nyuma. Uduvi mwangavu unajulikana kwa macho yake mawili meusi tu. Kuna ruba, konokono, viluwiluwi vya mbu, na vijidudu vyekundu vilivyojikunja topeni, ambavyo wekundu wake ni damu yenye uwezo wa kushika hata ile hewa kidogo iliyobaki kwenye maji mabovu.

Kungoja huko kumenibadilisha. Siku hizi nikikaa barazani na mtu mkimya simjazii maneno, wala siamui kwamba hana la kusema.

Kwa nini tuwaulize wadudu? Ukichota maji chupani ukayapeleka maabara, utaambiwa habari ya maji ya saa ile. Sumu iliyomwagwa usiku, wiki mbili zilizopita, imekwisha kufika baharini. Lakini kereng'ende mchanga ameishi humo wiki nyingi, wengine wa jamii yake miezi, na kila kilichopita kimempitia yeye. Akiwepo, ametoa ushahidi. Wakitoweka yeye na wote wanaodai hewa nzuri majini, wakabaki wale wekundu wa topeni peke yao, huo pia ni ushahidi. Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, waliliweka wazo hili katika utaratibu wa kisayansi mwanzoni mwa karne ya 20. Afrika Kusini wakaunda kipimo chao, SASS. Watanzania wakakirekebisha kwa mito yao na kukiita TARISS. Sisi tunatumia kile kifupi, miniSASS, chenye makundi 13 tu ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuyatambua. Kila kundi lina alama zake kwa kadiri lisivyovumilia uchafu. Unajumlisha alama za makundi uliyoyapata, unagawanya kwa idadi ya makundi hayo.

Karai moja la karibu na mahali pa kuchotea maji lilitupa uduvi na kaa, alama 6, kereng'ende, 6, kunguni na mende wa maji, 5, konokono, 4, ruba, 2, na jamii ya mbu na nzi, 2. Jumla 25, gawa kwa 6, ni 4 na ushei. Kwenye jedwali, hata lile la mito ya mchanga, hiyo ni daraja ya chini kabisa. Watoto walinyamaza. Msichana mmoja akauliza, "Kwa hivyo mto wetu unakufa, mwalimu?"

Swali lile lilistahili jibu kamili. Nilimwonyesha kwamba alama ya juu kabisa, 17, ni ya mdudu wa maji baridi yaendayo kasi juu ya mawe. Hapa Idsowe, kwenye maji ya joto, ya polepole, yenye tope, asingekaa hata kama hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga ukingo huu. Kipimo kilitungwa kwa ajili ya vijito vinavyotiririka. Delta si kijito. Ukitaka kujua kama hapa pana ugonjwa, palinganishe na ndugu yake: kona nyingine ya Tana ya chini ambayo msitu wake haujakatwa. Tena palinganishe na penyewe, msimu kama huu mwaka uliopita. Kipimo hatukukitupa. Tulikataa tu kukiachia neno la mwisho.

Na kuhesabu aina peke yake hakutoshi. Viola Clausnitzer alichapisha mwaka 2003 utafiti wake juu ya kereng'ende wa pwani ya Kenya kama kielelezo cha ubora wa makazi yao. Ukikata miti ya ukingoni, kereng'ende wanaotaka kivuli huondoka, na wale wa mahali pa wazi, wanaopatikana kila pembe ya Afrika, huja kujaza nafasi. Anayehesabu idadi tu ataandika kwamba hakuna kilichopotea. Lazima ujue ni nani aliyeondoka.

Hapo ndipo mawazo yangu hutoka majini na kuwafikia watu. Mwaka 2012 delta hii iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, hekta 163,600. Mwaka huohuo, kuanzia Agosti, mapigano ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma yalianza kuua watu. Hadi mapema 2013 waliouawa walikuwa wamepita 100. Wakenya wengi wanakumbuka hilo la pili tu. Kisha wanatusikia tena mto unapofurika, kama mwishoni mwa 2023 na Aprili 2024. Habari hizo ni za kweli, na waliokufa ni wetu, lakini ni maji ya saa moja. Aliyekaa hapa amewaona pia wazee wa pande mbili wakijadiliana juu ya malka, njia za ng'ombe kuteremkia mtoni, na amekula mpunga uliopandwa kwenye udongo ulioletwa na mafuriko yaleyale. Nami nimejizuia kusema neno juu ya kijiji, au juu ya mtu, ambaye sijamwona katika kiangazi na masika yake.

Karai lile la karibu na mahali pa kuchotea maji lilikuwa na jambo jingine zito. Baadhi ya konokono, ukiwashika ncha juu na mlango wa gamba ukikuelekea, mlango huo ulikuwa upande wa kushoto. Hiyo ni mojawapo ya alama za jamii ya Bulinus, ambamo wamo wanaobeba kichocho cha mkojo. Minyoo yake michanga hutoka kwenye konokono zaidi saa za mchana, watoto wanapooga. Nilipendekeza mahali pa kuchotea pahamishiwe kwenye mkondo, mbali na konokono hao. Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hapa maji yametulia, mamba akija tunamwona. Kule kwenye mkondo tutamwona akishashika mtu."

Sikuwa na hoja ya kumshinda, wala sikuitafuta. Tulikubaliana maji yachotwe asubuhi mapema, watoto wasiogee pale mchana, na majani ya ukingoni wanamokaa konokono yafyekwe. Orodha yetu, pamoja na michoro ya magamba, ikapelekwa kwa mwalimu mkuu ili aombe zahanati iwapime watoto mkojo na kuwapa prazikwanteli. Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa mwilini, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini. Kwa hiyo konokono wa pale tunawahesabu kila msimu, na bibi yule ndiye anayetuchagulia saa ya kuingia.